Mikono Mikavu Barabara ya Isyonje

Simu ya msiba iliingia tukiwa mezani, na juu ya meza hiyohiyo, kando ya bakuli la mboga, mjukuu wangu Aneth alikuwa ameweka glavu zake za pikipiki. Mimi nilianza na glavu kabla ya msiba. Nilimwambia, "Aneth, toa uchafu wako kwenye chakula." Akasema, "Bibi jamani, ni mpya hizi, mwenye duka kaniruhusu nije nazo nikuulize wewe." Aneth ni muuguzi Iringa mjini. Kila alfajiri anapanda kilima kutoka hapa Ipogolo kwa pikipiki yake, na mwezi wa sita upepo wa pale juu unakata vidole kama kisu. Masika nayo, saa sita jua linawaka, saa kumi mvua inamshukia bila taarifa. Alikuwa na jozi mbili, moja ya ngozi yenye manyoya ndani, nyingine nyepesi yenye kiganja cha mpira. Anajua niliwahi kuendesha pikipiki kwa sababu picha iko ukutani, mimi na gauni refu na kitambaa kichwani, nimekunja uso kama kawaida yangu. Basi aliuliza achague zipi, na kabla sijajibu simu ikalia, sauti ya kutoka Tukuyu ikasema Sista Tulinagwe amefariki, kazikwa jana. Nilisema poleni, nikaweka simu chini. Aneth akauliza ni nani huyo. Nikamwambia, "Kwanza toa hizo glavu mezani."

Mambo ya nilizaliwa wapi na baba alikuwa nani sitayaandika, hayana kazi hapa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina darasa la nne, na nilikuwa nimepelekwa Mbeya kufua na kupika kwenye zahanati moja ya misheni pembeni ya Uyole. Ilikuwa miaka ya sabini, mwaka ule watu walipokuwa wakihamia vijijini na sisi tukila ugali wa unga wa njano mpaka tukauchukia. Mkunga wa zahanati ndiye huyo Sista Tulinagwe, Mnyakyusa, mama mnene wa maneno machache na kicheko kikubwa. Mkubwa wetu tulimwita Bwana Mganga. Pikipiki ilikuja ndani ya sanduku la mbao, zawadi ya watu wa kanisa wa ng'ambo, ili mkunga awafikie kina mama milimani. Sista hakuweza kuiendesha, magoti yalikataa. Bwana Mganga aliijaribu mara moja tu, akaingia nayo kwenye mahindi ya watu, akatoka amekasirikia mahindi. Mimi nilijifunzia kwenye uwanja wa mpira wa shule, kwa siku nne, watoto wakinizomea. Siku ya tano Sista akapanda nyuma, akanishika kiuno, akasema, "Twende, Mhehe. Ukiniangusha nitakulilia kwa Kinyakyusa, hutaelewa hata neno." Ndivyo nilivyokuwa dereva wa mkunga.

Jiko letu lilikuwa nyuma ya zahanati, chumba cha matofali mabichi chenye dirisha dogo lisilo na kioo. Humo nilipika, humo nilichemsha vyombo vya uzazi. Siku hizi Aneth anavaa glavu mara moja anatupa, na anapotupa bado moyo wangu unashtuka. Sisi tulikuwa na jozi mbili za glavu za mpira, mbili tu. Kila zikitumika nilizifua, nikazichemsha kwenye sufuria yake peke yake, nikazianika kwenye kamba juu ya jiko, zikikauka nikazipaka poda ndani na nje, nikazikunja, nikazifunga kwenye mkebe wa bati wenye kifuniko. Ule mkebe ulikuwa kama kitu cha madhabahuni. Sista alinifundisha kuufungua kwa vidole viwili. "Huu mkebe," alisema, "usiuchezee hata nikiwa nimekufa." Na mimi sikuwa mchafu. Niseme wazi, nilikuwa msichana mwenye kinyaa kupita kiasi. Sikunywa maji kwenye kikombe cha mtu. Nywele moja kwenye ugali ilitosha nilale njaa. Nilijiona bora kuliko wote waliokuwa pale kwa sababu ya kinyaa changu, na kina mama wa foleni ya kliniki walikuwa wakinong'ona, "Kale kasichana ka Kihehe kanatutazama kama tumekanyaga mavi."

Barabara yetu ilikuwa hivi. Siku tatu kwa wiki tulipanda kutoka Uyole kwenda Isyonje, kwa Wasafwa wanaolima pareto na viazi, ambako ukungu unakaa mpaka saa nne na asubuhi nyingine majani yana barafu. Ijumaa tulishuka upande mwingine kwa lami mpya mpaka Igurusi, bondeni Usangu, jua na vumbi. Mara nyingine siku hiyohiyo moja uligandishwa, ukaokwa, ukalowa. Mwili unajifunika kwa koti, miguu kwa buti, lakini mikono iko mbele kabisa, inapokea kila kitu. Nilianza bila chochote, nimepaka mafuta ya nyonyo. Vidole vikapasuka, damu ikakauka kwenye mpini wa klachi. Sista akanifumia glavu za sufu. Zilikuwa nzuri mpaka ukungu, maana sufu inakunywa maji kama ng'ombe, nikafika Isyonje nimebeba ndoo mbili za maji baridi kwenye vidole. Fundi mmoja wa Mbalizi akaniuzia za ngozi kutoka kwenye mitumba, zile nguo za kafa ulaya. Zikalowa mara moja, zikakauka, zikawa ngumu kama ganda la muwa, nikawa nashindwa kukunja mkono. Nikashona mwenyewe mifuko ya ngozi ya kondoo, manyoya ndani, dole gumba peke yake. Joto lilikuwepo, lakini vidole vinne vikiwa chumba kimoja huwezi kubonyeza breki vizuri, na kule Igurusi mama mmoja wa wafugaji alinitazama nashuka, akawaita wenzake: "Njooni muone, kondoo kaja kavaa mtu, miguu ya mbele imebaki nje!" Wakacheka mpaka wakakaa chini. Jasho lilikuwa linatiririka mpaka kwenye viwiko, na ngozi imeanza kunuka kama kitu kilichofia mvunguni.

Mwezi wa tano tukaanguka. Tulikuwa tunashuka kutoka Isyonje, mvua ya mawe, mimi nimerudia zile za sufu. Niliona ng'ombe amesimama barabarani, nikaamrisha vidole vikamate breki, vidole havikusikia. Niliviona tu vimelala juu ya mpini kama vya mtu mwingine. Ng'ombe alipona, sisi tukaenda mtaroni, na Sista akaumia goti lilelile bovu. Alitembea na fimbo tangu siku ile. Bwana Mganga alituita ofisini. "Nilisema mimi," akasema, "mwanamke hana mkono wa pikipiki. Mkianguka tena naleta dereva mwanamume, na huyu arudi kwao Iringa akapande mtama." Sista akamjibu amekaa, goti limefungwa, "Bwana Mganga, mkono anao. Asichonacho ni glavu, na glavu zake umezivaa wewe."

Kweli alikuwa amezivaa. Ndani ya lile sanduku la mbao, pamoja na pikipiki, kulikuwa na jozi ya glavu za ngozi nyeusi, ndefu mpaka karibu na kiwiko, nje zimepakwa nta maji yasipite, ndani kitambaa laini. Zilitengenezwa kwa kazi ile na kwa hali ya hewa kama ile. Bwana Mganga alizichukua siku ya kwanza. Alikaa nazo ofisini. Alisalimia watu nazo. Alipenga kamasi, akafuta kwa mgongo wa glavu ya kulia, halafu akampa mzee wa kanisa mkono uleule. Nilimwona kwa macho yangu akila karanga nazo, akila dagaa wa kukaanga nazo, akinusa ugoro nazo, na akimaliza anazivua na kuzipulizia ndani kwa mdomo ili zisishikamane. Siku ile aliona aibu mbele ya Sista, akazivua, akazitupa mezani. "Haya, mpe malkia wako." Nikazichukua kwa vidole viwili. Nikaingiza mkono wa kulia. Ndani kulikuwa na unyevu, ukiteleza, harufu ya ugoro na jasho la mzee, na kwenye ncha ya dole gumba kidole changu kikagusa kitu chenye ncha. Nikakitoa. Kichwa cha dagaa, na macho yake.

Nilikimbilia nje nikatapika kwenye maua ya misheni. Sista alinifuata anachechemea. "Zifue," akasema. "Zigeuze ndani nje, sabuni, maji moto, zianike jikoni siku mbili. Zitakuwa zako." Nikasema, "Sista, siwezi." "Huwezi kufua?" "Siwezi kutia mkono wangu ulimokuwa mkono wake." Akafyonza. "Wewe binti una kiburi, halafu unakiita usafi." Nilizirudisha ofisini mwenyewe, nikaziweka mezani kwa Bwana Mganga, naye akacheka akazivaa. Kufua kulikuwa kazi ya asubuhi moja tu. Nimefua vitu vibaya kuliko hivyo maisha yangu yote, nimefua nepi, nimefua sanda, nimemwogesha mume wangu miaka miwili akiwa hajiwezi. Asubuhi moja. Nikikumbuka kile kichwa cha dagaa sasa sioni hata kinyaa, namwona samaki tu.

Dawa niliipata mwenyewe, na nilijiona mwerevu. Glavu za mpira za mkebe ndani, za sufu juu. Mpira unazuia maji, sufu inazuia upepo. Nilijaribu kwa siri siku tuliyokwenda Isyonje na ukungu, nikafika vidole vimekauka, vina joto, vinakunjika. Nilitaka kucheka njiani. Hata leo mtu akiniuliza namwambia hivyo, mpira ndani na sufu nje, kwa nchi yetu hii hakuna kinachozidi. Bondeni unavua, mlimani unavaa. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba hazikuwa zangu, zilikuwa za kina mama. Nilijiambia zilikuwa safi, zimechemshwa, mimi ndiye nazichemsha, kuna ubaya gani zikiingia mkono wangu ambao pia ni msafi? Na kila jioni nilizirudisha kwenye sufuria, zikatokota, zikaanikwa. Sista hakuona, mikono ya koti ilifunika. Aliona tu kwamba hatuanguki tena. "Umepona mikono," akasema. Nikasema ndiyo.

Siku yenyewe ya balaa, ilikuwa mchana. Asubuhi Sista alizalisha mama mmoja hapohapo zahanati, jozi ya kwanza ikawa kwenye beseni, haijafuliwa. Jozi ya pili nilikuwa nimeivaa mimi, nimetoka nayo Mbalizi kuchukua dawa. Sijazima hata pikipiki, akaja mwanamume anahema, mkulima wa pareto wa Isyonje, mke wake Eliza ana uchungu tangu jana na mtoto hashuki. Sista akatoka na mfuko wake, mkebe umo ndani, akapanda. "Twende!" Nilikuwa na muda wa kusema. Nilikuwa na muda wa kusema Sista ngoja, mkebe ni mtupu, niweke sufuria motoni. Lakini angejua, na Bwana Mganga alikuwa amesimama mlangoni na glavu zake nyeusi, anatutazama. Nikavuta mafuta. Mvua ilitukuta katikati ya kilima. Karibu na nyumba ile tairi lilizama kwenye tope la zizi, nikashuka, nikalichimbua kwa mikono, tope la mavi ya ng'ombe likaingia kwenye sufu mpaka ndani. Sista alitangulia kwa fimbo yake, mfuko akaniachia mimi. Mimi nikazunguka nyuma ya nyumba, penye kuni, nikavua za sufu, nikavua za mpira, nikazifuta kwa khanga yangu iliyolowa, nikazipaka poda nyingi, nikachukua mkebe kwenye mfuko, nikazikunja humo vizuri kama kawaida. Kwa vidole viwili.

Ndani kulikuwa na moshi na maua ya pareto yaliyoanikwa kwenye ungo. Mama mkwe wa Eliza alikuwa amemshika mabega kwa nyuma, anamwambia maneno ya Kisafwa, taratibu, kama mtu anayembembeleza ng'ombe. Sista alikuwa amepiga magoti juu ya lile goti bovu. "Mkebe." Nikampa. Akaufungua, akavaa ya kulia. Akasita kidogo, kidole kimoja hakijaingia vizuri. Akanitazama. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Maji yamechemka, Sista." Eliza akapiga kelele, kichwa cha mtoto kikawa kinaonekana, Sista akageuka. Mtoto alizaliwa mzima, wa kike, na sauti kali. Wakatupa viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa, yule mama mkwe akashika mikono yangu miwili akaibusu viganjani, akasema mikono yenye joto namna hii ni ya baraka. Nami nikala viazi.

Siku ya tatu Eliza alishikwa na homa. Walimshusha kwa machela mpaka barabarani, gari la misheni likampeleka hospitali mjini Mbeya, akalala huko wiki sita. Alipona. Alirudi nywele zimekatika, mfupa mtupu, na wakamwambia hatazaa tena. Bwana Mganga aliita kikao, wazee wa kanisa watatu wamekaa kwenye benchi, yeye nyuma ya meza na glavu zake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Akaniuliza, "We binti, glavu zile ulizichemsha?" Nikasema, "Nilichemsha." Na kweli jioni ya siku iliyotangulia nilikuwa nimezichemsha. Sista alikuwa anaangalia sakafu. Akasema, "Msimuulize mtoto. Glavu nilizivaa mimi. Mwenye kuvaa ndiye mwenye kukagua." Mzee mmoja akasema amezeeka huyu mama, macho hayaoni. Mwingine akakubali. Wakamwambia asizalishe tena, arudi kwao Tukuyu akasubiri barua. Barua ya nini, hawakusema. Nikamimina chai. Mikono haikutetemeka hata kidogo, hakuna tone lililomwagika, na Bwana Mganga akasema, "Angalau huyu anajifunza kazi."

Nilimsimulia Aneth haya yote mpaka chakula kikapoa. Halafu akauliza kama muuguzi, "Bibi, una hakika ni zile glavu? Uchungu wa siku mbili, nyumba yenye moshi, homa ingeweza kutoka popote." Nikamwambia asinifanyie hisani. Nimeishi miaka karibu hamsini na hiyo "ingeweza", naijua ladha yake, ni kama mafuta yaliyochacha. Nikamwambia achukue zile nyepesi zenye mpira, anunue na za sufu za kuvaa juu, na asithubutu kamwe kuchukua hata moja ya hospitali, hata zikiwa zinatupwa. Akasema sawa Bibi. Akaniuliza kwa nini sikwenda Tukuyu kumwona yule mama wakati wote huo, kumbe ni safari ya siku moja. Nikamwambia aondoe vyombo.

Asubuhi ya kuondoka kwake, Sista aliingia jikoni amevaa viatu vya safari. Mume wa Eliza alikuwa ameleta gunia la viazi, shukrani kwa Sista kumtolea mtoto, na nilikuwa nimechemsha vya kutosha watu wawili, na maziwa ya mgando kwenye bakuli moja. Kwenye kamba juu ya jiko zilikuwa zinaning'inia jozi mbili za mpira, nyeupe kwa poda. Aliziangalia, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha goti. "Glavu ikitoka kwenye mkebe ni ya baridi," akasema. "Miaka yote nimezivaa, ni za baridi. Zile zilikuwa na joto, mwanangu." Nikabaki nimesimama na mwiko. Nikasubiri anipige, au alie, au aniulize. Nilikuwa tayari kusema kila kitu, kama tu angeuliza. Hakuuliza. Aliinua birika la maji, akalielekeza kwangu juu ya beseni, yeye mkubwa akaninawisha mimi mdogo. "Nawa," akasema, "tule, gari litaniacha."

Nikanawa. Nikala naye bakuli moja, mimi niliyekuwa siwezi kunywa kikombe cha mtu. Na nilishiba.